Mulonda au Mulondwa

Kasongo, tarehe 6 mwezi wa tatu 2024

Dada Safia, wifi yangu mukubwa,

Asalaam aleikum. Nakusalimia wewe, na bwana yako Mahamudu, na watoto, na majirani wote wanaokumbuka sura yangu tangu siku za harusi. Sisi huku tuko, Mungu anatutazama. Mvua haijatuacha. Njia ya soko imekuwa matope matupu, na bei ya muchele imepanda, lakini tunakula.

Habari kubwa ni hii: nimejifungua mutoto mwanaume. Alitoka alfajiri, na alilia kwa nguvu mpaka muuguzi akasema huyu iko na kifua cha muadhini. Iko muzima, na mimi niko muzima, ni mugongo tu unaniuma. Siku ya saba baba yangu alitoka Nyangwe, akamunyoa, akamupa jina la dini, Souleymane. Jina la ukoo hakuligusa. Alisema lile linatoka upande wa baba, si kazi yake.

Ndiyo sababu ninakuandikia. Mwezi wa kwanza bwana yangu Atumani alinipigia simu kutoka huko kwenu. Alisema amepanda kilima kutafuta rezo ya simu, na nilisikia upepo unapiga ndani ya simu. Alikuwa anacheka, sijui kwa nini. Kisha akasema: "Mutoto akiwa mwanaume, mumuite Mulonda." Au alisema Mulondwa. Simu ilikatika palepale. Nilipiga tena, haikupita, na haijapita mpaka leo. Mimi ni mutoto wa Nyangwe, Kibangubangu sikijui, na masikioni mwangu majina hayo ni kama jina moja. Nimeyatamka peke yangu jikoni mpaka yamechanganyika.

Wifi, katika ukoo wenu ni lipi?

Na jambo lingine dogo. Kama Atumani iko kwako, au akipita, umwambie mutoto amefika. Alisema atarudi kabla sijajifungua. Sina hasira naye. Nataka ajue tu.

Barua hii nimemupa Baraka wa pikipiki, anayeleta sabuni huko. Umupe jibu mukononi.

Mimi wifi yako,
Mwanvua

*

Kabambare, tarehe 16 mwezi wa nne 2024

Wifi yangu Mwanvua, mama Souleymane,

Waaleikum salaam, na Idd iliyopita iwe ya heri kwako na kwa wazazi wako. Huku tulifunga vizuri. Mahamudu alifunga mpaka mwisho, ijapokuwa kifua kinamusumbua. Karanga zimetoa maua, na nyani wameanza kutujaribu.

Barua yako ilikaa Wamaza kwa sababu pikipiki ya Baraka iliharibika, ikanifikia katikati ya mufungo. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Mutoto mwanaume. Niliingia chumbani nikabaki humo, mpaka Mahamudu akaja kuuliza kama kuna musiba. Nikamujibu kwamba tumepata mutoto.

Uliuliza habari ya majina. Yote mawili iko katika nyumba yetu. Kulonda, kwa lugha yetu, ni kufuata. Mulondwa ni yule anayefuatwa, mutu mwenye watu nyuma yake. Babu yetu aliitwa hivyo, na kweli watu walimufuata. Alipohama, nusu ya kijiji ilihama pamoja naye. Mulonda pia ni jina letu. Hilo nitakueleza siku nyingine, Baraka ananingoja hapa nje na injini inawaka.

Usikimbilie. Jina la dini linamutosha kwa sasa.

Nakutumia karanga za mwaka jana, na kitambaa cha kumubebea mutoto mugongoni. Kula vizuri ili maziwa yatoke. Njia za mwaka huu ni mbaya, mito imejaa, watu wanachelewa.

Shangazi wa mutoto,
Safia

*

Kasongo, tarehe 5 mwezi wa tano 2024

Dada Safia,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mutu wako mudogo, ambaye sasa anajua kucheka. Karanga zilifika, kitambaa kilifika. Namubeba nacho kila ninapokwenda kazini. Nimerudi sokoni na mashine yangu ya kushona. Mutoto analala chini ya meza, sauti ya mashine haimusumbui hata kidogo.

Mama yangu anaendelea vizuri. Baba alikuja tena wiki iliyopita. Anataka nifunge nyumba nirudi Nyangwe, nikae nao mpaka bwana yangu atakapoonekana. Alisema mwanamuke mwenye mutoto muchanga hawezi kukaa peke yake kama mulinzi. Nilimupikia, nikamusikiliza, kisha nikamwambia kwamba Atumani akifika atakuta mulango umefungwa na hatajua pa kutuulizia. Baba aliniangalia, akasema, "Atumani anajua Nyangwe iko wapi." Akaondoka bila mimi.

Dada, nilikuuliza mambo mawili, ukanijibu nusu ya moja. Ulinieleza Mulondwa, ukaacha Mulonda. Na habari ya Atumani hukuigusa hata kwa neno. Labda ulisahau, ulikuwa katika mufungo na kazi za shamba. Ninakuuliza tena kwa heshima: alipita kwako? Alikwenda upande gani?

Huku tunapima watoto kila mwezi. Muuguzi, Mama Emmanuella, aliniuliza jina la ukoo ili aliandike kwenye fishi, karatasi ya mutoto ya kliniki. Nikamwambia linakuja, liko njiani kutoka Kabambare. Alicheka, akasema jina linaloletwa na pikipiki litafika na vumbi. Nilicheka pia. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Jioni ninapopika wali bado naacha ukoko mwingi chini ya sufuria, kama anavyopenda. Mimi siupendi. Nawapa kuku.

Mwanvua

*

Kabambare, tarehe 20 mwezi wa sita 2024

Wifi yangu,

Nakusalimia, na nakutakia baraka za Idd ya kuchinja. Usinihesabie siku. Mahamudu aliugua, nikawa naye hospitali. Sasa amerudi, anakaa juani na kulalamika kwamba chakula hakina chumvi, kwa hiyo najua amepona. Karanga tumevuna. Mungu ametupa zaidi ya mwaka jana.

Jambo la jina nimelifikiria sana. Mupe Mulondwa. Ni jina la heshima, babu atafurahi kaburini, na mutu yeyote wa huku akilisikia atajua mutoto ni wa nyumba gani. Lile lingine usilitaje. Usimuite nalo hata kwa muchezo.

Najua unamungoja mudogo wangu. Unafikiri mimi simungoji? Mama yetu alikufa Atumani hajaota meno yote, nikamubeba mugongoni kama unavyobeba mutoto wako, nikienda naye shambani na mutoni. Alikuwa mutundu. Alikuwa anapenda kujificha ndani ya shamba la muhogo nimuite mpaka sauti ikauke, halafu anatoka nyuma yangu. Nikimupiga anacheka. Sikuwahi kumupiga vizuri.

Kaa na wazazi wako, Mwanvua. Baba yako anasema kweli. Nyumba haikimbii.

Safia

*

Kasongo, tarehe 7 mwezi wa saba 2024

Dada Safia,

Nakusalimia. Nafurahi Mahamudu amepona. Mutoto iko, anageuka mwenyewe kitandani. Mimi niko.

Barua yako niliisoma polepole. Uliandika "alikuwa mutundu," na nikasema sawa, ni mambo ya utoto. Uliandika "alikuwa anapenda," nikasema ni ya utoto pia. Lakini nililala na neno hilo.

Juzi alikuja mutu kwenye meza yangu sokoni kushonesha magunia. Anaitwa Joël, ni wa Wamaza, anauza mafuta ya mawese. Mutoto alikuwa ameamka, Joël akamusifu, akauliza ni wa nani. Nikamwambia ni wa Atumani wa Kabambare, yule anayezunguka na sabuni na chumvi. Aliinama, akashika muguu wa mutoto kwa vidole viwili, akabaki ameushika.

Nikamuuliza, "Unamujua?"

Akasema, "Nilikuwa naye katika mutumbwi."

Nikangoja. Watu walikuwa wanapita, mwanamuke mumoja alikuwa ananiuliza bei ya kushona sketi. Joël akasema, "Mama, ndugu yake iko Kabambare. Uliza kwake. Mimi habari hiyo siwezi kuisema sokoni." Akachukua magunia yake, mengine hayajashonwa, akaenda. Sikumufuata.

Dada, sitakuuliza tena Atumani iko wapi. Nakuuliza neno moja tu. Mulonda ni nani?

Mwanvua

*

Kabambare, tarehe 25 mwezi wa saba 2024

Mwanvua, mutoto wangu,

Leo sitaanza na karanga wala na Mahamudu. Wote wako, wanakusalimia.

Katika nyumba yetu Mulonda ni mutoto wa kiume ambaye baba yake alikufa yeye akiwa tumboni. Anafuata mutu ambaye hakumuona. Baba yetu aliitwa hivyo. Wewe ulimujua kama Muzee Sumaili, kwa sababu lile jina lingine alilificha. Kila alipolitaja mbele ya mutu wa huku, mutu yule alishusha sauti na kumupa pole. Alikuwa na mvi kichwa kizima na bado watu walikuwa wanamupa pole. Ile pole ilimuchosha.

Sasa sikiliza. Atumani alifika kwangu mwezi wa kwanza. Alilala kwangu, alikula, alinieleza habari ya tumbo lako, na alikuwa na furaha kama mutu aliyeokota kitu. Asubuhi alipanda kile kilima nyuma ya shule ili akupigie simu. Aliposhuka sikumuuliza mulisemezana nini. Alifunga mizigo, akaenda kuvuka muto Luama kwa ajili ya soko la upande wa pili. Mvua ilikuwa imenyesha juu, maji yalikuwa mekundu na ya haraka. Katikati mutumbwi ukageuka. Joël alishika tawi. Wengine wawili walitokea chini, wakiwa hai. Atumani hawakumuona tena.

Anajua kuogelea, Mwanvua. Nilimufundisha mimi, kwenye muto uleule. Ndiyo sababu sikukubali. Nilishuka na muto, kijiji baada ya kijiji, nikiuliza wavuvi. Waliona magogo, waliona mbuzi aliyekufa, mutu hawakuona. Maji yaliposhuka kiangazi hiki nilirudi tena nikatazama kwenye michanga. Imamu alikuja kutaka tumusomee sala ya gaibu. Nilimusimamisha mulangoni, nikamwambia hapa hakuna maiti, na hakuna sala ya maiti.

Barua yako ya kwanza ilipofika, uliniuliza nichague jina, na ulikuwa unaniuliza kama mudogo wangu iko hai. Nikasema Mulondwa. Kuandika lile lingine kungekuwa kumuzika kwa kalamu.

Sasa unajua yote ninayojua. Siku ile juu ya kilima alisema lipi, mimi sijui. Mutoto ni wako. Ukimuita Mulonda, hakuna mutu atakayekulaumu, ndiyo desturi. Mimi pia sitakulaumu.

Safia

*

Nyangwe, tarehe 8 mwezi wa tisa 2024

Dada Safia,

Asalaam aleikum. Baba na mama wanakusalimia na kukupa pole. Nilifunga nyumba ya Kasongo, niko kwao. Mashine yangu ililetwa juu ya baiskeli, imepinda muguu lakini inashona.

Nisamehe ukimya. Nilikuwa naanza barua, naacha.

Baba alinipeleka kwa sheikh kuuliza habari ya eda. Sheikh alihesabu na vidole, kisha akaniambia kwa upole kwamba eda ya mwenye mimba inaisha akijifungua. Kwa hiyo, mutoto alipotoka, mimi nilikuwa nimekwisha kutoka eda. Nilikuwa mujane bila kujua, na nikamaliza bila kujua. Siku ile muuguzi anasifu kifua cha mutoto, na mimi nacheka. Nilimuuliza sheikh, basi mimi nitamulilia lini? Akasema, "Lia sasa, mwanangu. Hakuna anayekukataza." Mama akanitandikia mukeka chumbani. Niliukalia siku nyingi.

Nyumba ya wazazi iko karibu na Lualaba, unajua. Wavuvi wa hapa wananiambia Luama inaingia humo, huko juu, kabla ya maji kufika kwetu. Kwa muda sikuweza kwenda mutoni. Nilioga kwa maji ya mvua. Mama aliona, akawa anachota yeye. Siku moja nilishuka na mutoto, nikakaa karibu na mitumbwi. Nilidhani nitachukia yale maji. Sikuyachukia. Niliyaangalia tu mpaka mutoto akataka kunyonya.

Sasa jina. Nimefikiri hivi, na wewe uniambie kama nimekosea. Unasema desturi inataka Mulonda, na baba yake kweli amekufa, sibishi tena. Lakini Atumani alipotaja jina alikuwa hai. Alikuwa amesimama juu ya kilima, anacheka, amekula chakula chako. Mutu aliye hai hawezi kumupa mutoto wake jina la yatima. Lile alilolisema ni Mulondwa. Hata kama sikio langu halikulishika lote, ni lile. Ni kitu pekee alichomupa mutoto huyu kwa mukono wake mwenyewe, na sitakibadilisha kwa sababu ya muto.

Tena sitaki kila mutu wa Kabambare amuulize jina halafu amupe pole.

Na wewe, Dada, nakuomba jambo gumu. Mufungulie imamu mulango. Mimi nimelia, nimepata mukeka wangu. Wewe bado unatembea kando ya maji.

Mwanvua

*

Kabambare, tarehe 6 mwezi wa kumi 2024

Wifi yangu, mama Mulondwa,

Salamu kutoka kwa Mahamudu, na kutoka kwa watu wengi ambao siwezi kuwataja wote, kwa sababu walijaa uani mpaka njiani. Tumesali Ijumaa. Joël alitoka Wamaza, Mukristo, akasimama nyuma kabisa na kofia mukononi. Nilimupelekea chakula mwenyewe.

Kabla ya sala imamu aliniuliza, "Marehemu ameacha nani?" Hilo ndilo swali nililokuwa nalikimbia tangu mwezi wa kwanza. Nikamujibu, "Ameacha muke, Mwanvua, na mutoto mwanaume, Mulondwa." Wazee wakageuka. Walitazamia lile lingine. Muzee mumoja alifungua kinywa kunisahihisha, nikamwambia, "Baba yake mwenyewe alimuita hivyo."

Hukukosea.

Nilirudi chumbani nikaona siku ni ndefu. Sina pa kwenda tena. Nilikuwa nimezoea kuamka na kupanga ni kijiji gani nitauliza. Mahamudu ananiambia nilime. Nitalima.

Nimebaki na hamu moja. Sijamuona mutoto, na njia imeharibika tena, mvua imeanza. Labda kiangazi kijacho. Niandikie kidogo tu: ukimuita kwa jina hilo, anageuka?

Safia

*

Nyangwe, tarehe 27 mwezi wa kumi 2024

Dada Safia,

Tuko wazima wote, na tunakusalimia sana. Mama Emmanuella ameandika jina kwenye fishi, nilikwenda Kasongo kwa ajili hiyo.

Jana muchana mutoto alikuwa amekaa kwenye mukeka, ameshika kijiko, anapiga sufuria. Mimi nilikuwa nyuma yake, mulangoni. Nikaita, "Mulondwa."

Aliacha kijiko, akageuka, akanitazama, akingoja nimwambie ninachotaka. Sikuwa na kitu cha kumwambia. Nikamuita tena.

Mwanvua